Babu Aliyetega Ndezi

Dodoma, 3 Machi 2024

Shangazi Getruda, shikamoo.

Natumaini kile kikohozi kimekuachia na mvua za Songea hazijakuharibia mahindi. Huku sisi wazima, watoto wanakusalimu.

Kitabu cha maisha ya babu kimekwama. Mhariri wangu, Eric, hapitishi sentensi bila kuuliza nimeitoa wapi. Sasa tazama. Tangu alipokuwa mbunge hadi akawa waziri, babu alisema kwenye hotuba zake kwamba ni mjukuu wa Nduna Chisambule, jemadari wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani hapo Songea mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Jina letu la ukoo limetoka huko. Lakini wiki iliyopita nilisikiliza mazungumzo yake ya zamani redioni. Anacheka, anasema, "Babu yangu mzaa baba ndiye aliyenifundisha kutega ndezi." Babu alizaliwa mwaka 1922. Aliyenyongwa 1906 atamfundishaje kutega ndezi?

Wewe ndiwe mtoto wake wa kwanza. Nisaidie.

Mwanao,
Oliva


Mfaranyaki, Songea, 2 Aprili 2024

Mwanangu Oliva,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, magoti ndiyo hayataki. Naandika kwa mkono kama kawaida, Frida wa jirani atapiga picha akutumie.

Swali lako ni jepesi. Kwetu ndugu wa babu naye ni babu. Aliyemfundisha kutega ndezi alikuwa mdogo wake nduna. Andika hivyo, umalize. Baba yangu hakuwa mtu wa kusema ovyo. Kila Februari, siku ya kumbukumbu ya mashujaa, familia za walionyongwa huitwa mbele, na baba yako mdogo Osmund hutuongoza. Hakuna aliyewahi kutuuliza tumefikaje pale.

Wasalimie watoto.

Shangazi yako,
Getruda


Dodoma, 21 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo. Pole na magoti.

Jibu lako ningelipenda liwe ndilo. Ila nimetafuta mdogo wake nduna na simpati kwa mtu yeyote. Tena limetokea jambo. Niliweka tangazo gazetini kuomba wenye kumbukumbu za babu, akanipigia mama mmoja wa Namtumbo, Bibi Mwanahawa. Anasema babu yake aliitwa Mussa, Mndendeule. Wangoni walimteka akiwa mtoto, akalelewa kwenye nyumba ya Nduna Chisambule na kupewa jina lake. Baada ya vita akarudi kwao Namtumbo, akaoa tena, akasilimu. Mtoto wake wa kwanza alibaki misheni. Huyo mtoto, anasema, ndiye aliyemzaa babu yetu Hironimus.

Nilimuuliza anataka nini. Akanijibu, "Sitaki kitu. Ila mkiandika, babu yangu msimruke."

Neno la mtu mmoja silitumii. Mzee Anselmo wa Matarawe ni mjukuu wa nduna mwenyewe, na mnasali naye kanisa moja. Tafadhali mwulize.

Mwanao,
Oliva


Mfaranyaki, 30 Aprili 2024

Oliva,

Nimesoma. Unataka nikamgongee Mzee Anselmo mlango nimwulize kama sisi ni wajukuu wa mateka? Nimemsomea Osmund barua yako, hakumaliza chai yake. Mtu hupiga simu kutoka Namtumbo akajiita ndugu wa waziri, na wewe uliyesoma unaandika.

Usinitumie tena barua ya habari hiyo.

Getruda


Dodoma, 11 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimepiga simu mara nyingi, Frida anasema upo na u mzima. Nashukuru kwa hilo.

Sitaki nikufiche. Mwezi wa kumi nitakwenda Namtumbo kumsikiliza Bibi Mwanahawa ana kwa ana. Nitakachosikia utakisoma wewe kwanza, kabla ya Eric, kabla ya mtu yeyote. Ukitaka tuende pamoja nitakupitia nyumbani. Usipotaka, nitaelewa.

Mwanao,
Oliva


Mfaranyaki, 29 Septemba 2024

Mwanangu Oliva,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi nimekwishakwenda.

Niliwaambia watu naenda Hanga kwa wamonaki kusali. Basi likapita njia ya Hanga, sikushuka. Nilitaka nimwone yule mama kabla yako, nimwambie kwa upole atuache.

Nilimkuta uani anapepeta ufuta. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikasema wa Hironimus. Hakushtuka.

"Umechelewa," akasema. "Haya kaa, tule kwanza."

Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea. Oliva, ana paji la uso la baba, na anakohoa kama baba kabla ya kusema. Nilikula ugali nikimtazama.

Akaniambia kila kiangazi baba alikuwa anafika pale. Mimi nakumbuka safari zile. Ndiye niliyempigia pasi mashati. Alituaga kwamba anakwenda kukagua tumbaku, akarudi na ufuta na karanga, akisema wamempa wapiga kura. Kumbe ni mama yake Mwanahawa aliyemfungia. Alikuwa anavua viatu kwenye kaburi la Mussa, aliyemfundisha kutega ndezi, anapalilia mwenyewe kwa jembe, halafu anakaa na wazee mpaka jua linapungua.

Nikamuuliza, "Kwa nini hakutuambia?"

"Tulimuuliza na sisi. Akasema, 'Nimesimama mbele za watu kwa jina lile. Nikilivua leo, nitasimama na nini?' Mama yangu alilia siku ile. Lakini mwaka uliofuata akamfungia karanga tena."

Nikataka kujua kama nduna alimtesa Mussa. "Babu alikuwa anasema hakumpiga hata siku moja. Ila hakumuuliza hata siku moja kama anataka kurudi kwao."

Wakati wa kuondoka nilikuwa nimeshamwita shangazi. Ndivyo alivyo, maana yeye na baba ni watoto wa ndugu wawili. Mimi ambaye ukoo mzima unaniita shangazi, nimempata wa kwangu nikiwa na mvi.

Jumapili nikamfuata Mzee Anselmo baada ya misa. Sikumwambia nilikotoka. Nilimuuliza tu kama sisi ni damu yao. Akaniangalia sana.

"Damu, hapana," akasema. "Baba alitueleza. Huyo mtoto aliyelelewa kwetu alitoka Undendeule. Lakini jina alipewa na nduna mwenyewe, na sisi hatujalidai."

"Na mbona miaka yote mlituacha tukae mbele?"

"Tungewafukuza vipi? Baba yako alikuwa waziri."

Osmund nimemweleza. Amesema nimemzika baba mara ya pili. Hapiti tena nyumbani kwangu.

Andika, mwanangu.

Shangazi yako,
Getruda


Dodoma, 6 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo, na pole sana kwa habari ya baba mdogo.

Nimesoma barua yako nikalia, kisha nikaisoma tena kwa kazi. Mwanahawa na Mzee Anselmo hawajuani na wamesema jambo moja. Eric amekubali. Ila anauliza niandike babu alidanganya, au hakujua. Nimeshindwa kuchagua. Wewe ungesemaje?

Mwanao,
Oliva


Mfaranyaki, 4 Machi 2025

Mwanangu Oliva,

Salamu nyingi. Kitabu kimefika. Umeandika "alificha" kama nilivyokuambia kwenye simu, na ndilo neno lenyewe. Mwanahawa haoni vizuri, Frida alimsomea sura ya kwanza kwa simu. Aliposikia jina la Mussa aliomba lisomwe tena.

Alikuja Songea kwenye kumbukumbu, akalala kwangu. Familia zilipoitwa, Osmund alikwenda mbele peke yake akakaa. Hakugeuka. Lilipotajwa jina la Chisambule, Mzee Anselmo alisimama akanitafuta kwa macho. Mimi nilibaki nyuma na shangazi yangu.

Akanivuta nguo. "Hao ndio waliomteka babu?"

"Ndio."

"Na ndio walionyongwa?"

"Ndio, shangazi."

Wakaanza kusoma majina ya marehemu, moja moja. Kisha nikamsikia, kwa sauti ndogo, akisema innalillahi kwa kila jina, mpaka la mwisho.

Shangazi yako,
Getruda