Kwa Ghati, Aliyekuwa Bibi Robi

Mwanangu Ghati,

Barua hii naiweka kwenye kundi letu la hadithi la kwenye simu, mbele ya wote, ingawa wewe mwenyewe humo tena. Nimeomba ruhusa kwa Mwalimu Neema wa Machochwe, ambaye ndiye admini tangu ulipoondoka. Amekubali kwa sharti kwamba niseme wazi tangu mwanzo kuwa anayeandika ni mimi baba yako, mpishi wa kambi ya watalii hapa Natta, si yule kijana Chacha ninayemcheza. Amesema atakutumia. Najua ningeweza kukupigia huko Lindi, na nimepiga sana. Unapokea, unaniamkia vizuri, unauliza hali ya mgongo wangu, halafu unasema kuna mgonjwa anakusubiri. Wagonjwa wa Lindi ni wengi sana kila ninapopiga mimi.

Sheria hii ni yako mwenyewe: mtu akikosea kundini, asahihishe kundini, asimfuate mwenzake pembeni kumnong'oneza pole wakati kosa limeonwa na kijiji kizima. Mimi nilikufokea mbele ya watu kumi na wanne. Ndiyo maana na leo nawaacha wote kumi na wanne wasome.

Unakumbuka ulivyoniingiza? Ulikuwa umekuja likizo, tumekaa nyumbani Nyangoto, mimi na wewe tu, na nyumba imekuwa kubwa tangu mama yako alipotutoka. Tulikuwa tunaongea habari za mvua na bei ya saruji, tukimaliza tunaanza tena mvua. Siku ya tatu ukaniuliza, "Tata, wewe huko kambini ukishamaliza kupika unaongea na nani?" Nikakujibu, "Na sufuria." Ulicheka mpaka ukaweka kikombe chini, halafu ukaichukua simu yangu bila kuomba, ukaniunganisha.

Ukanieleza taratibu, unavyowaeleza wagonjwa wako namna ya kumeza dawa. Kuna kijiji cha kutunga kinaitwa Mlima Pacha. Kila mchezaji ana mtu wake humo, na kwa zamu yake anaandika huyo mtu anasema nini na anafanya nini. Wengine wanajibu kupitia watu wao, na hadithi inakwenda bila yeyote kujua itaishia wapi. Ukitaka kusema jambo lako mwenyewe, la nje ya hadithi, unaliweka kwenye mabano. Nikasema sawa, nipe mzee, nina miaka hamsini na sita. Ukasema nafasi za wazee zimejaa. Iliyobaki ni ya Chacha, mchunga ng'ombe wa miaka kumi na minne, maana aliyekuwa anamcheza amechoka akatoka. Na bibi mkubwa wa kijiji, Bibi Robi, ambaye hakuna anayethubutu kumbishia, ni nani? Ni wewe, binti yangu niliyekubeba mgongoni kuvuka mto.

Siku ya kwanza tu niliharibu. Niliandika kwamba Chacha amekutana na simba, amemuua peke yake kwa fimbo, amemchuna, na kijiji kizima kimepiga makofi, Bibi Robi akilia kwa furaha. Yote hayo kwa ujumbe mmoja. Yule mwenye duka wa Sirari, anayecheza mwindaji, akanirukia: "Wee kijana, simba wote umemaliza, sisi tuwinde nini? Si ungoje turn yako bana!" Nawe ukaweka mabano yako: "(Baba, humpigishi mtu makofi asiyetaka kupiga. Sema Chacha amefanya nini, halafu ngoja. Bibi Robi ataamua mwenyewe kama analia.)" Mimi jikoni nina vijana watano, nikisema vitunguu vikatwe vinakatwa. Kungoja mtu mwingine aamue lilikuwa jambo geni kabisa kwangu.

Halafu ikaja ile ya shikamoo. Chacha alipita mbele ya nyumba ya Bibi Robi na mifugo yake, akapita kimya. Kesho yake akapita kimya tena. Bibi Robi akaacha kumpa uji. Nilijua unachotaka, na roho yangu ilikataa katakata, maana baba hamwamkii binti yake hata kwa maandishi. Ukaniandikia kwenye mabano kwamba humu umri ni wa mhusika, si wa mchezaji, na kwamba Mwalimu Neema anacheza mtoto wa miaka minne na hajapungukiwa kitu. Nilikaa na simu kwenye jiwe kubwa karibu na tangi la maji, ambako mtandao unashika, kama dakika kumi. Nikaandika, "Shikamoo bibi." Ukajibu, "Marahaba mjukuu wangu, njoo unywe uji, umekonda." Nakwambia ukweli wangu, Ghati, nilifurahi. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu aniambie nimekonda, na mimi tumbo unalijua.

Baada ya hapo niliuzoea ule mchezo kuliko nilivyokubali kukiri. Nilijifunza kwamba Chacha hawezi kujua lililosemwa ndani ya nyumba asiyokuwemo, hata kama mimi nimelisoma. Nilijifunza kutoondoka katikati ya tukio bila kuaga, ili wenzangu wasibaki wameshika mlango. Nilipomfanya Chacha apike kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa utumbo, mlinicheka, mkasema mvulana wa Kikurya wa umri ule amefuata nini jikoni, nikakaza kwamba huyu wangu atapika, basi, na mkamwacha apike. Na zaidi ya yote, kila alasiri baada ya vyombo vya wageni kuoshwa, nilikuwa naongea na wewe. Bibi Robi alikuwa anamwambia Chacha mambo ambayo Ghati hajawahi kumwambia baba yake. Kwamba Chacha anapenda sana kujisifu. Kwamba akiumia anakuwa mkali. Nami nilikuwa namjibu bibi mambo ambayo nisingekujibu wewe tukiwa mezani.

Sasa nifike pale penyewe. Asubuhi moja ulinitumia ujumbe wa pembeni: "Tata, kuna sehemu inakuja, mama yake Chacha anaumwa sana. Ikiwa nzito kwako niambie, tuiruke." Ni utaratibu wako kumuuliza mchezaji kabla ya kumletea jambo la msiba. Mimi nilikuwa na wageni ishirini wanasubiri chakula, na hata kama nisingekuwa nao, mwanaume wa kwetu anaulizwaje kama atalia? Nikajibu, "Endelea tu." Sikuusoma ule ujumbe mara mbili.

Ukaendelea. Mama wa Chacha akaanguka, Chacha akiwa ng'ambo ya mto na ng'ombe. Watu wakatumwa kumwita. Mama akafa. Chacha alipofika, Bibi Robi akamkalisha, akamuuliza: "Mjukuu wangu, ng'ombe ungeweza kumwachia mwenzako. Habari ulizipata mapema. Mbona hukuja?"

Nilikuwa na vitunguu kwenye kikaango. Viliungua vyote. Niliandika kwa herufi kubwa: GHATI, UNAONGEA NA BABA YAKO. NILINYIMWA RUHUSA KAMBINI MAMA YAKO ALIPOKUWA ANAUMWA, KILA MTU NYUMBANI ANAJUA. FUTA HAYO MANENO SASA HIVI.

Yule wa Sirari aliandika tu, "Aki mzee, si ni game?" Wewe ukaandika, "(Tata, ni Bibi Robi anamuuliza Chacha. Sikuwa nakuuliza wewe.)" Nami, badala ya kunyamaza, nikaongeza: Bibi Robi ni nani, mimi ndiye niliyekuzaa na kukusomesha. Muda mfupi baadaye simu ikaonyesha kwamba umeondoka kwenye kundi. Kundi uliloanzisha wewe, Ghati. Nililisoma hilo neno "ameondoka" nikalirudia kama mtu asiyejua kusoma.

Jioni ile ile ukaniletea ujumbe wa pembeni, na huo sijawahi kuujibu mpaka leo: "Tata, sikuwahi kukuuliza. Sasa nakuuliza. Ruhusa walikunyima kweli?"

Nilikasirika miezi miwili. Nilimwambia Mwalimu Neema kwamba umeninyanyasa mbele za watu, umechukua msiba wetu ukaufanya mchezo. Akanijibu kwa upole wa huko kwao Iringa: "Shikamoo mzee wangu. Samahani, lakini ugonjwa wa mama Chacha tulishaupanga kabla hujaingia. Ghati alitaka tuufute kwa ajili yako. Sisi tukasema akuulize kwanza, na yeye akatuambia umekubali." Hakuna aliyekuwa ananisema. Ulikuwa umeuliza, umengoja jibu, umefuata kila utaratibu ulionifundisha, na mimi ndiye niliyelitoa la nyumbani na kulibwaga katikati ya kijiji cha watu. Mtu asiye na kitu rohoni angeacha Chacha ajibu, hadithi iendelee.

Basi jibu lako ni hili, mwanangu. Hawakuninyima.

Ruhusa nilipewa asubuhi ile ile uliyopiga kutoka hospitali ya Tarime, kabla sijamaliza hata kueleza. Mkuu wangu alisema nenda, na akanitafutia pikipiki ya kunifikisha Mugumu. Nilinunua mkate na ndizi kwa ajili ya mama yako. Nilipofika stendi nilikupigia, ukasema, "Tata, amepungua sana, usishtuke ukimwona." Wewe ulikuwa unanisaidia. Ulikuwa umeacha masomo yako ya uuguzi mwaka wa mwisho, unamgeuza kitandani, unamlisha, na bado ukaona ni vyema uniandae mimi. Nilikata simu nikakaa kwenye benchi. Gari la Tarime likaondoka. Likaja la pili, nalo likaondoka. Mama yangu mzazi nilimwona akiisha mbele yangu nikiwa mdogo, na mpaka leo nikimkumbuka ni ule uso wa mwisho ndio unaokuja, ule wa kabla yake sina. Sikutaka kumpoteza mama yako hivyo. Hiyo ndiyo sababu yangu, na najua haitoshi. Niliogopa, Ghati. Gari la tatu lilipoondoka, mkate nikampa mwenye pikipiki wa pale stendi, nikamwambia anirudishe Natta.

Nikakutumia ujumbe kwamba wamenikatalia. Nikapika siku tano. Wageni walisifu sana supu.

Kwenye mazishi kila mtu alinionea huruma. Mjomba wako aliilaani kambi, akataka kwenda kugomba na wakubwa wangu, na mimi niliitikia, nikasema hawa watu hawana utu. Waliokuwa wamenipa pikipiki! Nawe ulinishika mkono pale kaburini ukanisimulia kwamba mama alikuwa anauliza kila likipita gari, nawe ulikuwa unamjibu, "Yuko njiani, mama." Ulinisimulia ili nijue kwamba hakukata tamaa juu yangu. Tangu siku hiyo sijalala vizuri nikiwa katika nyumba ile ya Nyangoto, na ndiyo maana sikai, si kwa sababu ya kazi kama ninavyokwambia.

Mwenzangu wa Sirari na nyinyi wengine, nimewaweka kwenye jambo zito bila kuwauliza kwanza, na hilo nalo ni kosa. Mnisamehe.

Ghati, sikuombi urudi Mlima Pacha. Pengine ulikwisha kuchoka na kijiji chenye kijana mbishi kama yule. Sikuombi hata unisamehe kwa barua, maana ukisoma haya utakuwa na hasira, na hasira hiyo ni haki yako. Ninataka uitoe kwa sauti yako mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yako, bila Bibi Robi na bila Chacha. Nitasikiliza mpaka umalize. Sitasema mimi ndiye niliyekuzaa.

Jana nimeomba likizo, na nimepewa. Mwezi ujao wageni wakipungua, ninakuja Lindi. Nitashuka kwa pikipiki mpaka Mugumu, na pale stendi patanishinda kidogo, najua. Ukitaka nisije, niambie sasa, nitakutii. Ukinyamaza, nitapanda gari la kwanza.

Baba yako, niliyeogopa