Ndege ya Baba Chebet

Jumamosi, 10 Juni 1995

Nimerudi kutoka kituo cha chai nimelowa hadi kiunoni. Karani amekataa nusu ya gunia, eti majani yamekomaa. Kila wiki ni yangu tu yaliyokomaa. Ya jirani hayakomai.

Nyumbani nikakuta pikapu ya bluu mbele ya banda. Mlango wa banda wazi. Wanaume wawili ndani na mume wangu, Baba Chebet, katikati yao, mikono mfukoni, kama mgeni kwake mwenyewe.

Wanataka ndege.

Ile ndege. Ya mabawa mawili, moja juu na moja chini, mbao na kitambaa. Imekaa humo tangu Mzungu aondoke. Shamba lake lilipogawanywa kila mtu alitaka upande wa mto. Kipande chenye banda na takataka zake hakuna aliyekitaka. Baba Chebet, aliyekuwa dereva wa trekta wa Mzungu, akanyoosha mkono kabla hata sijavuta pumzi. Tangu siku hiyo nina ndege mahali ambapo ningekuwa na ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi.

Mgeni wa kwanza ni Bwana Ndolo wa Nairobi, mwenye hoteli. Anataka kuisimamisha kwenye nyasi, watalii wapigie picha hapo. Wa pili ni Mwangi, ana gereji Kericho mjini. Ameletwa aseme kama inaweza kubebwa kwa lori. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye bawa polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe ambaye anataka kumnunua kwa bei ya mbuzi.

Nani aliwaambia iko hapa? Baba Chebet anasema hajui. Sijamwamini.

Jumatatu, 12 Juni

Mwalimu wa darasa la sita anamjua huyo Mwangi. Alikuwa na duka Chepseon, likachomwa wakati wa machafuko ya makabila. Ndipo akahamia mjini. "Mtu wa namna hiyo harudi huku bure," alisema, akaendelea kusahihisha madaftari. Mimi nimefundisha desimali siku nzima bila kujua nimefundisha nini.

Jumamosi, 17 Juni

Mwangi amekuja peke yake. Bila Ndolo. Na Baba Chebet alimtarajia, maana alikuwa amevaa overoli yake ya zamani tangu asubuhi.

Wamefungua injini. Vyuma vimetandazwa kwenye magunia yangu. Kuku wamefukuzwa kwenye kiti cha nyuma wanakotagia.

Nilipeleka chai ili nione. Mwangi akainuka, akapokea kikombe kwa vidole viwili asikichafue. Anasema injini haijafa. Alitengeneza ndege ndogo Nairobi kabla ya kuja huku. Anasema kuifanya hii pambo la hoteli ni sawa na kumzika mtu anayepumua.

Nikamuuliza nani anamlipa.

"Hakuna, Mwalimu. Mzee amenipa ruhusa, hiyo imetosha."

Hakuna mtu anayelala chini ya chuma Jumamosi nzima bure. Anatafuta kitu. Na jina lake pia, lisilo la kwetu, linanikera, naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Kama angekuwa Cheruiyot ningempa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, si chai.

Baba Chebet amempa ufunguo wa pili wa kufuli. Hakuniuliza.

Jumamosi, 24 Juni

Ndolo amerudi na bei nzuri. Baba Chebet akasema, "Nitafikiria." Ndilo jibu lake la miaka yote. Alinijibu hivyo hata nilipomwambia nina mimba ya Chebet.

Nikajibu mimi. Lori lije Jumamosi ya tarehe nane.

Mwangi alikuwepo. Alifunga spana zake kwenye kitambaa, akaondoka bila kuaga. Nimeliona hilo.

Jumatano, 28 Juni

Propela haipo.

Niliingia bandani asubuhi kutafuta mayai. Pua ya ndege tupu. Kufuli halikuvunjwa, lilifunguliwa. Funguo ni mbili. Moja iko kwenye msumari jikoni. Nyingine naijua iko wapi.

Nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua.

Baba Chebet anasema tungoje kidogo. Tungoje nini? Ndolo hatachukua ndege isiyo na propela. Nimeenda kwa naibu wa chifu moja kwa moja kutoka shuleni, chaki bado mikononi.

Ijumaa, 30 Juni

Mwangi aliitwa kwenye baraza. Alikuja mwenyewe na pikapu yake. Vijana wakaikagua, wakamwaga vifaa vyake vyote kwenye nyasi. Spana, bisibisi, kopo la grisi, chakula chake cha mchana kwenye sufuria ndogo. Hakukuwa na propela. Naibu wa chifu akasema kwamba mwizi habebi mali kwenda nayo barazani, na watu wakacheka.

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Si ndio hao tu." Nilimsikia vizuri. Ni mzee wa kanisa letu. Nilitazama mbele.

Mwangi aliweka ufunguo wetu mezani. Akasema, "Hata Chepseon nilisimamishwa hivi, kabla ya moto." Hakupaza sauti. Akainama kuokota vifaa vyake kimoja kimoja na hakuna aliyemsaidia.

Naibu wa chifu amesema jambo litaenda polisi baada ya wiki moja. Nilitegemea kufurahi. Sikufurahi.

Baba Chebet alitazama viatu vyake baraza zima.

Jumapili, 2 Julai

Hakwenda kanisani. Hakula ugali mchana wala jioni. Anasema tumbo.

Si tumbo. Kuna kitu wanajua wawili hao. Labda waliiuza pamoja. Labda Mwangi amemwahidi kitu na sasa anaogopa kutajwa. Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana na leo nimeyatazama mabuti yake mlangoni nikajiuliza yamekwenda wapi.

Jumanne, 4 Julai

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mchana, baada ya shule, nilienda ghalani kuchukua mahindi ya kupeleka posho mill kusagwa. Gunia la mwisho lilikaa vibaya. Nikalivuta. Nyuma yake kulikuwa na blanketi letu la kijani, lile nililodhani Chebet amelichukua kwenda nalo bweni. Nikalifunua. Propela. Mbao laini, ndefu kuliko mimi, imepakwa mafuta upya.

Nilikaa juu ya mahindi.

Baba Chebet alinikuta hapo. Hakukimbia, hakukana. Alikaa juu ya gunia la pili.

"Nilitaka lori lirudi bure," alisema. "Nilidhani Ndolo atakasirika aende zake, basi."

"Na Mwangi?"

Aliokota punje ya mahindi sakafuni, akaigeuza vidoleni.

"Baba Chebet. Na Mwangi?"

"Nilidhani ungesahau."

Mimi! Nisahau!

Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alingoja yaishe, kisha akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia, na tumezaa watoto na kuzika wazazi pamoja.

Alipokuwa kijana, Mzungu alimpandisha kwenye ndege hiyo. Mara moja tu, kama mzaha, kwa sababu alikuwa amemwoshea mabawa. Walipita juu ya Sigowet, juu ya boma la kwao. Akamwona mama yake anaanika nafaka ya wimbi kwenye ngozi. Mama akatazama juu, akaangusha ungo, akakusanya watoto na kukimbilia ndani. Jioni kijana aliporudi nyumbani mama alikuwa bado anatetemeka. Akamwambia limepita dubwana linalounguruma, na kwamba asubuhi asiende kazini. Hakuweza kumwambia kuwa alikuwa ndani yake, anampungia mkono.

"Alikufa bila kujua," alisema. "Kila nikiingia bandani namwona na ule ungo."

Ndiyo maana alinyoosha mkono siku ya kugawana shamba. Si haraka ya mjinga. Alikitaka kile kipande hasa.

Nilimwonea huruma. Bado nina hasira. Vyote viwili vimekaa kifuani na hakuna kinachompisha mwenzake.

Jumatano, 5 Julai

Tumeenda gereji ya Mwangi, wote wawili. Alikuwa chini ya Datsun. Hakutoka mara moja. Baba Chebet alisema makosa yake akiielekea ile miguu iliyochomoza.

Mwangi alipotoka alijifuta mikono kwa muda mrefu. Nikaomba radhi na mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakatoka nusu.

"Mlinisema mbele ya watu," alijibu. "Mniombe radhi mbele ya watu."

Njiani nilijaribu kumchukia kwa hilo. Sikuweza. Mimi ningedai zaidi.

Ijumaa, 7 Julai

Barazani. Watu wachache kuliko wiki ile. Kumwona mtu akiaibishwa wanajaa, kumwona akisafishwa wana ng'ombe wa kukama.

Baba Chebet alisimama akasema, "Propela niliificha mimi. Mwangi hakuchukua kitu." Watu waliguna. Kisha nikasimama mimi, mwalimu wa watoto wao, nikasema nilimshtaki bila kuona, na kwamba sikumshuku kwa sababu ya ufunguo peke yake. Nikasema sababu nyingine. Nikamtazama yule mzee wa kanisa nilipoisema. Alikuwa anatafuta kitu kwenye koti lake.

Mwangi alisikiliza akiwa amesimama. Alivaa suti ya kijivu. Tulipomaliza alivaa kofia yake, akaondoka. Hakutupatia mkono.

Jumamosi, 8 Julai

Lori limekuja. Bwana Ndolo mbele, wabebaji na kamba nyuma. Baba Chebet alisimama mlangoni mwa banda.

"Hapana," alisema.

Ndolo akaongeza bei. Akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekubali. Nilifikiria ng'ombe wangu wa gredi. Nikasema ndege ni ya mzee.

Alitutukana kwa Kiingereza. Lori lilikwama kwenye matope ya lango na ilibidi sisi wenyewe tulisukume. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote.

Jumamosi, 29 Julai

Mwangi amekuja. Bila taarifa. Nilikuwa napepeta maharagwe, nikaona ile pikapu ya bluu. Anakuja kulipiza. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na siwezi kusema uongo hapa.

"Sikuja kwenu," alimwambia Baba Chebet. "Nimekuja kwa injini."

Akaingia bandani. Baba Chebet akaenda ghalani, akarudi na propela begani.

Niliwapelekea mursik. Mwangi hakuwa amewahi kuionja. Alikunja uso, akameza, akaomba kikombe kingine. Labda ni adabu tu. Nimemchunguza na sikujua.

Jumamosi, 12 Agosti

Imewaka!

Walikuwa wameisukuma nje, mawe mbele ya magurudumu. Mwangi akaizungusha propela kwa mkono, hakuna. Akarudia hadi jasho likaloweka shati. Halafu ikakohoa, moshi wa bluu, na ikanguruma. Kitambaa kilichooza kikapeperuka kutoka bawani kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Majirani walitoka mashambani mbio na vikapu mgongoni. Baba Chebet alikaa kwenye kiti cha mbele, analia wazi wazi, hajifuti.

Haikunguruma muda mrefu. Imezimika yenyewe.

Mwangi anasema haitaruka. Mbao za bawa la chini zimeliwa na mchwa, na hata zingekuwa nzima kuna vibali na wakaguzi. Lakini itatembea. Wakibadilisha mbao na kitambaa, ifikapo Krismasi itatembea kwenye nyasi kwa nguvu zake.

Nilimuuliza kwa nini anafanya haya yote, baada ya yale. Akasema vitu vyake vingi viliungua. Hiki hakikuungua. Sikuuliza tena.

Jumapili, 27 Agosti

Mvua tangu kanisani. Shule inafunguliwa wiki ijayo, sijapanga masomo.

Mwangi amekuja na mkewe, Wambui. Wambui amekaa jikoni kwangu, tumemenya viazi. Anamenya maganda membamba. Hatukuzungumza mengi, bei ya sukari, watoto. Kama wametusamehe hajasema, na mimi sina ujasiri wa kuuliza. Aliuliza kama chai yetu imekataliwa wiki hii. Nikasema ndiyo. Akasema hata ya dada yake hukataliwa, kule kwao. Tukamsema karani kidogo.

Wanaume wako bandani. Wamecheka kitu sasa hivi, kwa sauti, wote wawili. Wambui aliinua kichwa, akaendelea na kiazi chake.

Viazi vinachemka. Nitawaita mvua ikipungua.