Jina la Mwokaji Mwizi

Jumanne, 10 Juni 2014

Daktari amesema nimebakiza wiki moja, labda mbili. Basi niandike ukweli wakati mkono bado unashika kalamu.

Jumamosi ni sikukuu ya soko letu la Marlbridge. Watoto watairushia sanamu ya matambara mikate mikavu, kama kila mwaka, wakipiga kelele: Purkiss mwizi! Watalii watapiga picha. Mwaka huu kuna pia kibao cha shaba chenye jina hilo, kwenye ukuta wa lililokuwa duka la mikate la akina Purkiss.

Jina hilo nililibandika mimi.

Jumatano, 11 Juni

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1388 mwokaji mmoja alipigiliwa sikio kwenye nguzo ya soko kwa kuuza mikate iliyopungua uzito. Kimo katika hati ya mahakama. Ila pale penye jina pameliwa na unyevu. Mwaka 1971, nikiandika kitabu cha kuwaeleza watalii historia ya mji, nilitaka jina. Nikainua macho. Ng'ambo ya dirisha: PURKISS, MIKATE NA KEKI.

Bahati tu? Hapana — nisijidanganye. Asubuhi ile Walter Purkiss alinitania mbele ya foleni nzima. "Huyu hapa, mwalimu wa wafu! Nikupe mkate wa leo au wa karne ya kumi na nne?" Walicheka hadi waliokuwa nje. Nikarudi nyumbani kwenye kalamu yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Beryl, binti wa Walter, ameniletea supu. Nilimfundisha historia. Sasa ana miaka hamsini na mitano na bado ananiita Mwalimu. Ndiye atakayefunua kibao!

"Shuleni walinirushia mimi hiyo mikate, unakumbuka? Sasa napigwa picha pamoja na meya. Miaka mia sita, Mwalimu! Mwizi, sawa, lakini mwizi wetu."

Akacheka. Kisha akasema kwamba tangu kitabu kile kitoke, baba yake aliongeza mkate mmoja wa bure kwa kila dazani, asije mtu akamletea mizani kupima kama amepunja. Hivyo hivyo, hadi duka likafungwa. Alikufa akiamini ni deni la ukoo.

Nikanywa supu. Nikasema chumvi imezidi kidogo. Mwoga mkubwa!

Ijumaa, 13 Juni

Nimejaribu. "Beryl, lile jina —" Akanikatiza: pumzika, Mwalimu, kesho nitapita uione kofia yangu mpya.

Jumamosi, 14 Juni, saa tatu asubuhi

Amekuja. Kofia ya buluu, imempendeza. Bendi inasikika kutoka sokoni. Nimemwambia afungue droo ya chini, atoe daftari la 1971, lenye tafsiri yangu ya kwanza ya ile hati.

"Sasa hivi? Saa nne natakiwa jukwaani, wewe mzee!"

"Sasa hivi."

Ameketi dirishani, kofia magotini. Anasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari, kama zamani darasani. Mimi naandika, maana nikiacha nitatazama uso wake. Amefika kwenye mwokaji. Kidole kimerudi mwanzo wa mstari. Anarudia.

"Hapa umeacha nafasi tupu, Mwalimu. Jina liko wapi?"

Ameliinua daftari kwenye mwanga. Sasa ananitazama mimi. Huko nje watoto wameshaanza: Purkiss —