Majani Machungu ya Malaba

Nekesa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Malaba. Mimi ni mzima, na mvua ya hapa inapiga mabati kila mchana. Tangu daktari akuambie huo unene unachosha moyo wako, sijalala vizuri, kwa hivyo leo nimeingia sokoni kukutafutia dawa. Mama mmoja wa kutoka Uganda anachemsha majani ya mululuza kwa sufuria, na lazima uonje kwanza ndio ununue. Machungu! Machozi yalinitoka. Akasema, "Mama, hii inakata mafuta yote." Nikaanza kufungua kitambaa changu nitoe pesa.

Hapo dereva wa lori anayengoja kuvuka mpaka akacheka. "Mama, hiyo sisi tunakunywa tukikosa hamu ya kula!"

Na kweli, tumbo langu lilikuwa limeanza kulia njaa. Nikamwuliza mwenye dawa, "Sasa dada, unauza ya kukonda ama ya kula?"

Akajibu bila haya, "Inategemea kama nyumbani kuna chakula."

Tulicheka sana, kisha nikaenda nikamaliza ugali na samaki mzima.

Basi majani sileti. Wewe meza vidonge vya daktari, usiruke hata siku moja. Jumapili nitakuwa nimefika huko Sigalame, na tutapanda kile kilima cha kanisa pamoja, polepole. Ukiishiwa pumzi, mimi ndiye nitaomba tupumzike, watu waseme mama amezeeka. Utapona, mtoto wangu, hilo nalijua.

Wabusu watoto.
Mama yako