Kwa Baba Kang Yushan, na Upande wa Nyuma wa Jiwe

Mwaka jana ulipotuaga, Baba, jiwe la kaburi la babu na bibi lilikuwa bado halijaandikwa upande wa nyuma. Wewe na Shangazi Cuiqin mlilibishania miaka kumi, ukaondoka ubishi haujaisha. Duka uliliacha limefagiwa na vyungu vimesuguliwa. Jiwe tu ndilo ulilotuachia.

Leo ni mwaka mmoja kamili. Karatasi hii tutaisoma kaburini kwako kisha tutaichoma, moshi ukuletee huko uliko. Nakala nyingine tumeibandika mlangoni mwa duka, maana wateja wako wanauliza kila wiki jiwe limefikia wapi. Mimi mwanao Jiebao ndiye ninayeandika. Maneno ya kupamba hukuyapenda, nami sina.

Tunakukumbuka kwa mikate yako ya mvuke kwanza. Miaka arobaini ulikanda unga kwa mkono, ukapima donge kwa kiganja, na tulipokuletea mizani ukaitumia kuegeshea mlango. Tulipima kwa siri. Madonge ishirini, na hakuna lililozidi jingine. Mama akakwambia, "Baba Watoto, umeishinda mizani." Ukajibu kwamba hukujua kulikuwa na mashindano, lakini siku hiyo uliimba hadi tukafunga duka.

Tunakumbuka usivyoweza kuona mkate ukiachwa nusu. Yupo dereva mmoja wa lori la viazi aliyekula nusu akainuka. Ulimfuata na aproni yako hadi kituo cha mafuta, ukagonga kioo, ukampa ile nusu ikiwa imefungwa kwenye karatasi. "Bwana, umesahau kitu." Yule dereva alidhani ni pochi yake. Tangu siku hiyo hakupita tena mji huu bila kusimama kwako, akimaliza mbele ya macho yako na kukuonyesha mikono mitupu kama mtoto. Alikuja kwenye mazishi. Alikula mikate minne, akamwonyesha Mama mikono.

Tunakumbuka ulivyomwibia Mzee Xin kinyozi kwenye sataranji, na yeye akijua, na wewe ukijua kwamba anajua. Tunakumbuka ulivyombebea Mama kipaza sauti chake hadi uwanjani alikocheza dansi na wenzake jioni, ukakaa pembeni na kofia usoni ukijifanya humjui. Muziki ulipozimika siku ile betri ilipoisha, ni wewe uliyepiga kelele kuliko wachezaji.

Lakini watu wa mtaa huu wanakukumbuka zaidi kwa ugomvi wa mwaka mpya. Kila mwaka Shangazi alipanda basi kutoka kijijini, akaingia jikoni, akakunja mikono, na kabla unga haujaumuka mlikuwa mmeshaanza. Wajukuu waliweka dau la mbegu za alizeti nani atataja jiko la pamoja kwanza. Mara nyingi alikuwa Shangazi.

Yeye alikumbuka vuli ya mwaka 1958, masufuria ya kijiji yalipokusanywa kwa amri ya serikali na watu wote wakaanza kula jiko moja. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, akachaguliwa kupiga upatu wa kuita watu kwenye chakula. Tambi za ngano, nyama, mtu anajipakulia anavyotaka. Alisema hajawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku aliyoolewa. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa pale pale akisikia.

"Tulikula mpaka mikanda ikatubana, Shanwa," alikuambia. Kwa jina hilo la utotoni hakuna mwingine aliyethubutu kukuita.

"Wewe unakumbuka miezi miwili," ulimjibu. "Mimi nakumbuka miaka miwili iliyofuata."

"Wewe ulikuwa mtoto, unakumbuka tumbo lako tu."

"Na wewe unakumbuka upatu."

Hapo jiko zima lilicheka, na ninyi pia. Halafu mkaendelea kukanda. Mjukuu wako Haoyu aliwahi kuwauliza nani kati yenu anasema kweli, maana shuleni mwalimu alipita hapo haraka akafungua ukurasa mwingine. Ulimwambia, "Wote wawili. Muulize shangazi yako mambo ya vuli, mimi niulize mambo ya baridi." Hilo mlikubaliana.

Msilokubaliana ni Suowa.

Wateja wengi hawamjui, kwa hiyo tunaeleza. Alikuwa mdogo wenu wa mwisho. Jina lake maana yake ni kufuli. Bibi alimwita hivyo ili duniani afungiwe asitoke. Alitoka mwanzoni mwa mwaka 1960, akiwa na miaka mitatu. Babu alikuwa ameshapelekwa kuchimba mfereji milimani na hakurudi. Mama yake babu alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla. Kwetu mtoto mdogo akifa haingii makaburi ya ukoo wala haandikwi popote. Alizikwa bondeni bila alama, na bonde lenyewe sasa ni barabara.

Miaka kumi kabla hujafa ulitengeneza jiwe jipya la babu na bibi. Upande wa mbele majina yao. Upande wa nyuma ulitaka mtoto aandikwe, mila ipende isipende, pamoja na kilichomuua. Mzee akifa, ulisema, watu hawaulizi. Mtoto wa miaka mitatu lazima wamuulizie.

Shangazi alikubali jina. Fundi Ding, mchonga mawe, akashika patasi. Ndipo ukasema aandike njaa, na Shangazi akasema aandike homa.

"Nilimgusa paji la uso mimi mwenyewe," alisema. "Lilikuwa linaungua."

"Mwenye njaa naye hupata homa, Dada."

"Basi ni homa."

"Nani kaileta hiyo homa? Imetoka mbinguni?"

Fundi Ding anasema chai yake ilipoa mara mbili. Mwisho akaweka patasi chini, akawaambia mkubaliane ndipo mmwite. Jiwe likasimamishwa hivyo hivyo, nyuma laini kama sahani. Watu waliopita walidhani fundi hakumaliziwa malipo, na yeye mwenyewe alichoka kuwaeleza.

Siku ya kufagia makaburi ilifika mara kumi, na mara zote kumi mlikwenda pamoja. Yeye akang'oa magugu upande wake, wewe upande wako. Ulileta mikate yako, yeye akaleta yake na kusema yake ni laini zaidi. Ilikuwa laini zaidi, Baba. Hatukuwahi kukuambia. Mlipofika nyuma ya jiwe mlisimama mkaliangalia, mkakohoa, mkarudi mbele.

Sisi wanao tulichoka. Dada yangu Jiehua alikuuliza kwa nini usimwachie tu mama mzee wa watu neno lake. Ukamwambia, "Nikimwachia, atabaki nalo." Tulidhani ni ukaidi. Ulikuwa mkaidi kweli, lakini siyo katika hilo.

Wiki iliyopita Fundi Ding alinipigia simu. Akaniambia nije nimchukue shangazi yangu, kwa sababu amekaa juu ya jiwe la mteja, anacheka, na yeye hana uhakika kama ni kucheka.

Nilimkuta kama alivyosema, fimbo imeanguka, skafu shingoni, anacheka huku machozi yakimtoka. Fundi akanieleza. Kwetu jiwe la ukoo haliguswi hadi mwaka wa msiba utimie, na Shangazi alikuwa amehesabu siku zilizobaki. Alipanda basi peke yake, na miaka sabini na minane yake, akaingia karakana akasema amekuja kumpa mdogo wake ushindi. Amekufa akiwa anabisha, basi na ashinde. Fundi aandike njaa.

Fundi Ding akamwambia asubiri. Akafungua droo, akatoa karatasi uliyomwachia mwezi mmoja kabla ya kufa, siku ile tuliyodhani umekwenda kwa kinyozi. Ulimwambia aitunze mwaka mzima. Dada akija mwenyewe, asomewe. Asipokuja, kazi ifanyike kama ilivyoandikwa. Shangazi hakuwa na miwani, kwa hiyo fundi alimsomea. Hata mimi nimeiona. Ni mwandiko wako ule ule wa kuandika "leo hakuna mikate ya vitunguu."

"Andika homa. Dada ndiye aliyebeba chungu cha uji siku ile. Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta namsubiri, nikamwona. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na yeye alikuwa na njaa. Ameubeba mzigo huo muda mrefu. Inatosha."

Ndiyo maana Shangazi alikaa juu ya jiwe la mteja.

Kwenye gari, tukirudi, alinieleza bila kuniangalia. Jiko la pamoja lilikuwa limebaki na uji ambao mtu anajiona uso ndani yake. Kila nyumba ilituma mtu na chungu, kwenu alikuwa yeye. Siku hiyo, nyuma ya zizi, aliinamisha chungu.

"Mafunda matatu," alisema. "Nikajiambia la nne hapana. Nikafuta mdomo. Asubuhi ya pili Suowa hakuamka. Kabla hajakata roho nilimgusa paji la uso, lilikuwa la moto. Nikashika huo moto, Jiebao. Nikiachia, inabaki njaa, na njaa hiyo ni mimi."

Mimi siwezi maneno laini. Nilimwambia mafunda matatu ya maji yale hayaui mtoto, wala hayamponyi. Suowa aliuawa na maofisa walioandika mavuno ambayo hayakuwepo, kisha wakaja kuyabeba ghalani.

"Najua," alisema. "Nilijua nikiwa na miaka thelathini. Nilijua kichwani tu."

Tukaenda mpaka daraja la kiwanda cha wanga. Halafu akapiga fimbo kwenye sakafu ya gari.

"Mjinga yule. Miaka kumi ananiambia njaa, njaa, mate yananirukia, kumbe alikuwa juu ya ukuta. Na amekufa ndiyo anakubali homa. Hata kaburini lazima abishe."

Ilibidi nisimamishe gari, Baba. Tulicheka hadi mwenye duka la matairi akatoka kuangalia kama tumeharibikiwa.

Sasa tunaelewa, tumechelewa mwaka mmoja. Wewe ulitaka njaa iandikwe ili lawama imwondokee dada yako, kila mtu asome kwamba ilikuwa kubwa kuliko mtoto mmoja na chungu. Yeye aliliogopa neno hilo hilo kwa kuwa alilisoma kama jina lake. Mlikuwa mnavuta kamba moja kuelekea upande mmoja na kila mmoja anadhani anavutwa.

Tukauliza basi fundi aandike nini, maana kulikuwa na amri mbili, na kila mmoja wenu ametoa ya mwenzake. Mama alisema liachwe jina peke yake. Haoyu alisema yaandikwe yote mawili. Shangazi akatunyamazisha.

"Ni mimi niliyekuwa na chungu," alisema. "Ni mimi nitakayesema. Aandike njaa. Shanwa nitambishia nikifika."

Fundi Ding alikuja na patasi zake leo alfajiri, mwaka ulipotimia. Pigo la kwanza alipiga Shangazi mwenyewe, likaenda pembeni, kuna alama kama ya kucha pembezoni mwa jina. Fundi alitaka kuisawazisha, akakatazwa. Sasa jiwe linasema: Kang Suowa, mtoto wa tatu, miaka mitatu, njaa. Ni mtoto wa kwanza kuandikwa kwenye makaburi yale, na leo asubuhi jirani yetu Mama Luo amemwuliza Fundi Ding kama ana nafasi mwezi ujao. Naye ana mdogo wake wa mwaka ule.

Kwa hiyo leo hatuji kulia. Tunakuja na mikate yako kwa kipimo chako cha kiganja, na mikate ya Shangazi, na mwaka huu tunasema hadharani kwamba yake ni laini zaidi. Tunakuja na pombe ya mtama. Mama anakuja na kipaza sauti na wenzake saba, betri imejaa, watacheza pale kwenye uwazi chini ya makaburi. Vaa kofia yako ujifanye humjui. Dereva wa lori la viazi amesema atapitia.

Wanaokukumbuka ni mkeo Bai Runmei. Dada yako Kang Cuiqin. Wanao Jiebao na Jiehua pamoja na wenzi wao. Wajukuu Haoyu, Yuntong na Xiaohe. Mzee Xin kinyozi, anayesema umemwibia michezo mia mbili na anaitaka yote irudi. Na wateja wote wanaomaliza mikate yao. Siku zetu zote utakuwa nasi, Baba, na jina lako halitatoka midomoni mwetu.

Shangazi ameomba tuandike hapa yale ambayo hayakuenea kwenye jiwe. Nyumba ya Kang iliingia baridi ile na watu sita. Ikatoka na watatu. Suowa aliishi miaka mitatu na miezi minne. Mafunda yalikuwa matatu. Shangazi aliyabeba miaka sitini na mitano. Wewe ulimtunzia siri yake miaka sitini na minne.