Asubuhi Uliyoaga kwa Kiswahili

Mpendwa Baba Salma,

Juzi nilifungua duka lako la usonara hapa Mji Mkongwe, nikawa napangusa vumbi. Jirani yetu Bi Zuwena akapita, akaniuliza nnasema na nani. Nikamwambia nnanyambua vitenzi vya Kisinhala. Akaniombea dua, akenda zake.

Ulinifundisha huku umeinamia pete za watu, lugha ya wazee wako waliokuja na ufundi wao kutoka Sri Lanka. Vitabuni mwenu, ulisema, mwisho wa kitenzi humtaja mtendaji: mimi nakwenda ni "yami", sisi twenda ni "yamu". Lakini karne kwa karne midomo ikaiangusha miisho hiyo, na leo akenda mmoja, wakenda wote, ni "yanawa" tu. Nikakwambia lugha yenu mvivu; kwetu Makunduchi hata mbuzi ana kiambishi chake. Ulicheka mpaka koleo likakuponyoka.

Jambo moja hukulifanyia mzaha. Kwenu mtu hatoki nyumbani akasema "nakwenda", maana ni kama hatarudi. Husema "gihin ennam", nakwenda kisha nitakuja. Na mwisho ule wa "ennam", ulinionesha kwa fahari, umebakia wa "mimi" peke yake: ahadi huitoa mwenyewe. Hata ukenda Darajani kununua samaki uliaga hivyo. Mama yangu ulimrudisha mlangoni aage upya. Akasema mkwe huyu ana wazimu, lakini akaaga.

Asubuhi ile ya safari ya matibabu Kolombo, gari inangoja, dada yako kakushika mkono, ulinitazama ukasema kwa Kiswahili: "Nakwenda, Mama Salma."

Nikangoja. Hukuongeza neno. Nikakujibu kwa desturi yenu, nenda urudi, nawe ukaitikia kwa kichwa, kama mgeni anayepokea chakula ambacho hatakila.

Dada yako alipopiga simu wiki kadhaa baadaye alisema "giya", amekwenda. Kitenzi hakikutaja mtu. Nikamuuliza nani, na hali najua. Nilitaka pumzi moja zaidi kabla sijawa mjane.

Watu wanakusifu kwamba hukupata kusema uongo. Ni kweli, na mimi ndiko kunakoniuma. Wiki zile ulikuwa hai huko, mimi huku nshaanza kukulilia. Ungenidanganya tu, mume wangu. Wiki zile zingekuwa zetu.

Mungu akulaze pema, huko nilikoshindwa kukufuata.

Mkeo