Tao la Udongo, Mfangano

Dada Achieng',

Habari za nyumbani? Huku Mfangano jua linakausha dagaa wa omena na wahandisi pamoja.

Jana wanakijiji walitaka kukataa zahanati niliyoichora, eti paa la matofali ya udongo yasiyochomwa litawaangukia wagonjwa. Nikawaonyesha tao dogo la mfano, lililojengwa kwa matofali hayo hayo kama paa litakavyokuwa. Mama Anyango, muuza samaki mwenye mwili wake, akasema, "Injinia, panda wewe kwanza." Nikapanda. Akanifuata na kwaya nzima ya kanisa, wakaruka wakiimba. Tao halikutikisika! Wakakubali kwa vigelegele, wakanipa kiti cha plastiki nile samaki wa ngege. Kiti kikavunjika, nikaanguka na sahani.

"Pole, Injinia," akasema Mama Anyango. "Basi tujengee na viti."

Wakumbatie watoto.

Nduguyo Ouma